Kilo 129 za Pamba: Hesabu ya Simu Janja Simiyu

Msimu wa pamba wa 2024 ulinikuta Bariadi, mkoani Simiyu, na mchana mmoja nilikaa karibu saa nzima kwenye kibanda cha kuchaji simu pembeni mwa mji. Ni kibanda cha mbao chenye ubao wa soketi na simu zilizolazwa kwa safu, kila moja ikiwa na kipande cha plasta ya hospitali mgongoni chenye namba ya kalamu. Mwenye simu hupewa kipande cha boksi chenye namba ileile na kulipa shilingi 300. Akaja mama mmoja wa makamo na kipande namba 17. "Mwadila, mayu," kijana wa kibanda akamwamkia kwa Kisukuma, akamtolea simu yake: kitochi kilichofungwa kwa raba ili betri isichomoke. Mama hakukitia kwenye kitenge. Alimrudishia kijana akasema, "Nisomee, mwanangu. Hela ya pamba imeingia?"

Ilikuwa imeingia. Kijana akasoma kiasi, mama akauliza wakala atakata ngapi, wakakokotoa pamoja kwa vidole. Alipojua kinachokatwa, hakukitaja kwa shilingi. Alisema, "Kilo nne zimekwenda hapo." Makato ya wakala aliyageuza kuwa pamba aliyoipalilia na kuichuma kwa mikono yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikipiga hesabu za simu na intaneti kwa kipimo chake. Kwenye mikutano ya maendeleo tunazoea kusikia dola, asilimia na gigabaiti, na vyote vina kazi yake. Lakini Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, na kwa mkulima wake kilo ya pamba ndiyo sarafu anayoijua uzito wake. Bei elekezi ya msimu huo ilikuwa shilingi 1,150 kwa kilo. Mavuno ya wakulima wengi wa pamba nchini huwa kati ya kilo 200 na 300 kwa ekari, ingawa watafiti wamekuwa wakisema ekari hiyohiyo ikitunzwa vizuri inaweza kutoa mara mbili au tatu. Nitachukua 250. Ekari moja basi inaingiza shilingi 287,500, na mwenye ekari tatu anapata 862,500 kabla ya kulipa kulima, kupalilia, viuadudu na usafiri. Fedha hiyo huja mara moja kwa mwaka, kuanzia Mei soko likifunguliwa, na inatakiwa ifike Mei nyingine.

Sasa tumpe mkulima huyu simu janja. Tuseme ananunua ya bei ya chini kabisa inayovumilia WhatsApp, shilingi 150,000, na inamfaa miaka mitatu. Hiyo ni 50,000 kwa mwaka. Tuseme anajiunga bando la shilingi 500 mara mbili kwa wiki, matumizi ambayo kijana wa mjini angeyaona ya mtu aliyefunga. Kwa mwaka ni 52,000. Nyumbani hana umeme, kwa hiyo anachaji kibandani mara tatu kwa wiki kwa 300. Kwa mwaka ni 46,800. Jumla ni shilingi 148,800. Gawanya kwa 1,150 upate kilo 129.

Kilo 129 ni zaidi kidogo ya nusu ekari. Kila mwaka mkulima mwenye ekari tatu analima nusu ekari kwa ajili ya simu peke yake, na hapo simu haijaanguka, haijaibiwa wala kuingia maji. Mwaka wa kwanza, anapotoa 150,000 kwa mkupuo, hesabu inapanda hadi kilo 216, yaani karibu ekari nzima. Kwa asilimia, kilo 129 ni 17 ya mapato yake yote ya pamba kabla ya kutoa gharama za shamba. Tume ya Umoja wa Mataifa ya Intaneti ya Kasi ilijiwekea lengo kwamba kufikia 2025 gharama ya intaneti ya kuanzia isizidi asilimia 2 ya pato la wastani la mtu kwa mwezi katika nchi zinazoendelea. Mkulima wetu, kwa bando peke yake, yuko kwenye asilimia 6 ya mapato yake. Lengo lile linapimwa kwa wastani wa taifa, na huo huwachanganya yeye na mfanyabiashara wa Kariakoo.

Kilichonishtua katika hesabu hii ni chaji. Bando ni 52,000 na chaji ni 46,800, yaani zinakaribiana kabisa. Tumezoea kulalamikia bei za bando, na tuna haki, lakini kibanda kile cha mbao kinakula karibu sawa na kampuni ya simu. Betri ya simu janja ya kawaida ikijazwa kutoka sifuri hula takriban uniti 0.025 ya umeme, ukihesabu na unaopotea kwenye chaja. Mteja mdogo wa Tanesco hununua uniti kwa kama shilingi 122 pamoja na kodi na tozo zake. Kuijaza simu nyumbani ni shilingi 3. Asiye na umeme analipa 300. Simlaumu kijana wa kibanda. Ana pango, ana soketi zinazoungua, na siku nyingine simu inapotea anailipa. Lakini maskini analipa mara mia moja ya anacholipa jirani yake aliyevutiwa waya, kwa umeme wa mstari uleule.

Kuunganishiwa umeme kijijini kumewekwa kuwa shilingi 27,000, sawa na kilo 23 na nusu za pamba. Ukilinganisha na 3,900 anazotoa kibandani kila mwezi, ada hiyo inarudi ndani ya miezi saba. Kwa nini basi hajaunganishwa? Kwa sababu 27,000 ni ada ya kuunganishwa tu. Nyumba inahitaji kutandazwa waya, au kifaa cha UMETA kwa asiyeweza kutandaza, na nguzo iwe imemfikia. Serikali imetangaza kuwa vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikishiwa umeme, na hiyo ni kazi kubwa inayostahili kusifiwa. Kijiji kufikiwa na nyumba kuwaka ni mambo mawili, na pengo la katikati yao ndilo linalomlisha mwenye kibanda.

Kwenye intaneti pengo la namna hiyo lipo, tena ni pana zaidi. GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, katika ripoti yake ya 2024 iligawa watu wa Afrika Kusini mwa Sahara mafungu matatu. Asilimia 27 wanatumia intaneti ya simu. Asilimia 13 wanaishi mahali ambapo mtandao wa intaneti haujafika. Asilimia 60 wanaishi chini ya mnara unaofanya kazi, na hawautumii. Ripoti hiyohiyo ilikadiria kwamba kwa moja ya tano maskini zaidi ya watu wa ukanda huu, simu ya bei ya chini kabisa yenye intaneti inagharimu karibu mapato yao ya mwezi mzima.

Tarakimu za kwetu zinaelekea hukohuko. Mwishoni mwa 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilihesabu laini za simu zaidi ya milioni 70 nchini, za intaneti karibu milioni 36, na akaunti za fedha za simu karibu milioni 53. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Laini zimewazidi watu, na hapo ndipo wengi wanapoteleza na kudhani kila Mtanzania ameshafikiwa. Laini si mtu. Mfanyabiashara wa Lamadi hutembea na tatu, ya kutuma, ya kupokea na ya bando la usiku, wakati kaya nzima ya Itilima inagawana moja, nayo ni ya baba. Simu janja zenyewe, kwa hesabu za kipindi hichohicho, zilikuwa kama theluthi moja ya idadi ya watu.

Hesabu ya mnara

Mnara usioonekana huudhi zaidi ya bando ghali, na sehemu za Meatu na Itilima bado mtu hupanda kichuguu kutafuta mtandao. Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa 2012 kwa kumegwa Shinyanga na Mwanza, una ukubwa wa kilomita za mraba 25,212 na watu 2,140,497. Wastani ni watu 85 kwa kilomita ya mraba. Mnara unaofika kilomita tano kila upande unafunika kilomita za mraba 78 na nusu. Kuufunika mkoa mzima kwa minara ya namna hiyo kungehitaji 321 au zaidi, ingawa sehemu ya eneo hilo ni Pori la Akiba Maswa, ambako nyati hawajiungi bando.

Mei 2023 jijini Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote na kampuni za simu walitia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 zenye vijiji 1,407, na kuiongezea nguvu minara mingine 304. Thamani iliyotajwa ilikuwa shilingi bilioni 265.3, ruzuku ya Serikali ikikaribia nusu, na walengwa watu milioni 8.5. Hiyo ni kama watu 11,200 kwa kila mnara mpya. Ukigawanya fedha, na kuacha nafasi ya ile iliyoongezewa nguvu, mnara mmoja unazunguka kwenye milioni 300.

Simama sasa kwenye viatu vya kampuni. Mnara wako wa kijijini Simiyu unawaona watu kama 6,700. Karibu nusu ni watoto. Tuseme watu wazima 2,500 wana laini na kila mmoja anatumia 3,000 kwa mwezi, kupiga na bando pamoja. Ni milioni 7.5. Ondoa kodi ibaki milioni 5.4, sawa na milioni 65 kwa mwaka. Dizeli au sola, mlinzi, mafundi na mawasiliano ya kuupeleka mtandao mjini vikila nusu, kinachobaki ni kama milioni 32 na nusu. Kurudisha milioni 300 ni miaka tisa, bila riba. Ruzuku ikibeba karibu nusu, inakuwa miaka mitano. Hapo ndipo unaona kazi ya Mfuko ule: bila ruzuku, hakuna mwenye hisa ambaye angekubali kusubiri miaka tisa kwa ajili ya kijiji kimoja, hasa ikiwa kampuni tatu zinagombania wateja walewale 2,500.

Ila angalia hesabu hiyo inavyotegemea ile 3,000 ya mteja. Mnara unaishi kwa matumizi. Kilo 129 zikimzuia mkulima kuwasha data, mnara nao unasimama ukiunguza dizeli bure, kampuni inapata hasara, na ruzuku ya mnara unaofuata inabidi iwe kubwa zaidi. Gharama ya mkononi na gharama ya mnarani ni deni moja lenye ncha mbili.

Je, inalipa?

Kitochi cha yule mama nacho kina hesabu yake. Tuseme 25,000 kwa miaka mitatu, chaji mara moja kwa wiki, vocha ya 500 kwa wiki. Ni kama shilingi 49,900 kwa mwaka, au kilo 43. Tofauti yake na simu janja ni kilo 86, sawa na shilingi 98,900. Kabla hatujamwambia mtu yeyote Simiyu kwamba intaneti ni maendeleo, tunatakiwa kumwonyesha kilo 86 zitarudi kwa njia gani.

Kwa sababu kitochi si kitu cha kubezwa. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 haikuhitaji intaneti, na hadi leo haihitaji. Uchunguzi wa FinScope wa 2023 ulikuta asilimia 76 ya watu wazima wanatumia huduma rasmi za fedha, kutoka 65 mwaka 2017, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilipita kwenye fedha za simu. Nchini Kenya, Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba M-Pesa ilizitoa kaya 194,000 kwenye umaskini, sawa na asilimia 2 ya kaya za nchi hiyo. Usajili wa mbolea ya ruzuku ulioanza msimu wa 2022/23 ulimtambua mkulima kwa namba iliyomfikia kwa ujumbe mfupi. Hata hela ya pamba ya mama yule ilimfikia kwenye kitochi.

Na ipo huduma ya m-mama. Hii napenda kuikalia kidogo, kwa sababu ilianzia jirani kabisa, Shinyanga na Sengerema, kabla Rais Samia hajaizindua kitaifa mwaka 2022. Mjamzito akipata dharura, kituo cha afya au ndugu anapiga 115 bila malipo. Anayepokea anauliza dalili, anaangalia kama kuna gari la wagonjwa karibu, na lisipokuwepo anampigia dereva wa kijijini aliyekwisha sajiliwa. Dereva akimfikisha mama hospitali, malipo yake yanaingia kwenye simu palepale. Hakuna programu ya kupakua na hakuna bando. Kinachofanya kazi ni simu ndogo, orodha ya madereva, na uhakika wa dereva kwamba hatadai nauli kwa familia isiyo nayo usiku wa manane. Nikiulizwa shilingi ipi ya misaada ya kidijitali imetumika vizuri zaidi Kanda ya Ziwa, nitaonyesha hiyo.

Faida ya simu janja, kwa mkulima wa pamba, ni ngumu zaidi kuipata. Watu wa maendeleo hupenda mfano wa wavuvi wa Kerala, India. Robert Jensen alionyesha mwaka 2007 kwamba simu zilipofika pwani ile, wavuvi walianza kuuliza bei wakiwa bado baharini, faida yao ikapanda asilimia 8, bei kwa mlaji ikashuka asilimia 4, na samaki wa kutupwa wakakoma. Mfano mzuri, lakini pamba si dagaa. Bei yake inatangazwa, yenyewe huuzwa kupitia vyama vya ushirika vya wakulima, AMCOS, na hakuna bandari ya pili ya kuikimbizia. Simu ikisaidia bei Simiyu, itasaidia kwenye mpunga wa Maswa, kwenye ng'ombe wa mnadani, na kwa dengu na choroko.

Hata tukimpa mkulima wetu zile asilimia 8 zote, tena kwenye mapato ghafi ya ekari tatu, ni shilingi 69,000. Alikuwa anahitaji 98,900. Haifiki.

Ushahidi wa karibu zaidi nyumbani unatia moyo. Philip Roessler na wenzake waliwachukua wanawake 1,352 wa kipato cha chini hapa Tanzania wasio na simu, wakawagawa kwa kura: wengine walipewa simu janja, wengine simu ndogo, wengine fedha. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kaya za waliopata simu janja zikitumia kwa mwaka asilimia 20 zaidi kwa kila mtu kuliko za wasiopewa. Hiyo ni sukari, sare za shule, dawa. Lakini wanawake wale walipewa simu. Ile 150,000 haikutoka kwenye pamba yao. Kwangu mimi somo la utafiti ule liko hapo: mwanamke akivushwa kwenye bei ya kuanzia, anajua la kufanya.

Sasa rudi kwenye kibanda. Chukua mkulima yuleyule, mwashie umeme nyumbani, chaji ishuke kutoka 300 hadi 3. Simu janja inashuka kutoka 148,800 hadi kama 102,500 kwa mwaka, kilo 89. Kitochi nacho kinashuka hadi kama 34,500, kilo 30. Tofauti kati ya simu hizo mbili, iliyokuwa 98,900, inakuwa 68,000. Imepita chini ya zile 69,000. Hakuna aliyegusa bei ya bando, hakuna aliyejenga mnara. Soketi moja ukutani imeibadilisha simu janja kutoka hasara kuwa kitu kinachoweza kujilipa. Nimezirudia tarakimu hizi mara tatu kwa sababu sikuamini. Makadirio yangu yanaweza kusogea huku na huku kidogo, lakini ukubwa wa chaji ndani yake hausogei.

Kodi ndiyo sehemu inayofuata. Mwaka 2024 muda wa maongezi na bando vilitozwa ushuru wa bidhaa asilimia 17, kisha VAT asilimia 18 juu yake. Katika kila shilingi 1,000 ya vocha, 276 ilikuwa kodi na 724 ndiyo huduma. Kwa mkulima wetu ilikuwa shilingi 14,300 kwa mwaka, kilo 12 na nusu. Kwenye simu yenyewe ya 150,000, VAT ni kama 22,900, karibu kilo 20. Mwaka 2021 Serikali iliondoa VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, ikitaka watumiaji wa intaneti wapande kutoka asilimia 46 hadi 80 kufikia 2025. Mwaka uliofuata msamaha ukafutwa, kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Naona ilikuwa haraka. Mwenye duka Bariadi huuza mzigo wa zamani miezi mingi kabla ya kuagiza mwingine, na mwaka mmoja hautoshi bei ya bandarini kufika Mwanhuzi, kule Meatu. Kilichohitajika ni bei elekezi na mtu wa kuifuatilia.

Mwaka huohuo wa 2021, Julai, ndipo ilipokuja tozo ya miamala, shilingi 10 hadi 10,000 kwa kila kutuma au kutoa. Watu walipiga kelele, na kelele zilisikika: ikapunguzwa asilimia 30 mwezi wa tisa, kiwango cha juu kikashushwa hadi 4,000 mwaka 2022, na mwaka 2023 ikaondolewa kwenye kutuma. Ilichoacha ni mazoea. Wengi walirudi kubeba noti, na mtu aliyerudi kwenye noti hashawishiki kirahisi mara ya pili.

Bei ya bando lenyewe ina mshangao wake. Kwa viwango vilivyotajwa na Serikali mwaka 2022, MB moja ndani ya bando iliruhusiwa kuwa kati ya shilingi 2.03 na 9.35. GB moja basi inaweza kuwa 2,079 au 9,574, kilo moja na robo tatu ya pamba au kilo nane na ushee. Ile 52,000 ya mkulima kwa mwaka inaweza kumpa GB 25 au GB 5. Kinachoamua ni ukubwa wa kifurushi, na bando dogo la siku ndilo huwa ghali kwa kila MB. Anayelipwa kila mwezi hununua la mwezi. Anayepata fedha Juni hana namna ya kununua mwaka mzima mwezi wa Juni, kwa sababu MB zake zitakwisha muda kabla ya palizi. Hivyohivyo kwa simu za kulipa kidogo kidogo, zinazojifunga ukikosa rejesho la siku: zimetengenezwa kwa bodaboda na mama lishe wanaoshika fedha kila jioni. Mkopo wa simu unaolipwa msimu wa pamba, ukikatwa palepale AMCOS kwenye mizani kama viuadudu vilivyowahi kukatwa, haujaingia kwenye vitabu vya kampuni yoyote ninayoijua. Bando la miezi 12 linalouzwa Juni kwa bei ya jumla nalo halimo.

Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mradi wa Tanzania ya Kidijitali mwaka 2021. Gawanya kwa watu wote wa sensa na kila mmoja anapata dola 2 na senti 43 hivi. Haitoshi kumnunulia mtu hata kitochi, na sidai ingetosha. Inatosha kabisa kujenga mambo ambayo mtu mmoja hawezi kujijengea, mkongo, minara, mifumo ya Serikali. Swali langu ni nani anahesabu upande wa pili, wa waya wa nyumbani na simu ya kwanza ya mwanamke, maana huko kwenye kilo 129 ndiko mradi mzima unakoishia au kuanzia.

Mama wa namba 17 alikaa kidogo baada ya kuhesabu. Nilimuuliza kama nyumbani kwao umeme umefika. Akacheka. Nguzo ipo, akasema, imesimama mpakani mwa shamba lake la pamba, na mbuzi wanajikuna hapo. Fundi alimtajia bei ya kutandaza waya vyumba viwili, na yeye akaigeuza kilo palepale, akaona ni msimu ujao. Kisha akatoa simu yake ya pili kutoka kwenye pindo la kitenge, simu janja yenye kioo kilichopasuka aliyoletewa na mwanawe aliyeko Mwanza. Ilikuwa imezima tangu Jumapili. Alimpa kijana na shilingi 300, akapokea kipande cha boksi namba 22, akaondoka kuwahi gari la Dutwa.